Nyumba ni Sitara: Miaka 16 ya Kugonga Milango ya Wapangaji Uingereza

Asalaam alaykum, Tumsifu Yesu Kristo, na kwenu nyote wazee wetu, mama zangu, kaka na dada, hamjambo.

Nashukuru kwa kualikwa kusema mbele yenu. Mwenyekiti wa jumuiya yetu ya Waswahili wa huku Uingereza aliponipigia simu aliniomba niwaeleze vijana kazi ya afisa nyumba ni ipi, kwa kuwa wapo wanaotaka kuomba nafasi hizo, na pia niwaeleze wazee kwa nini afisa huyo huja kuwagongea mlango. Nilipokaa kuandika niliona kuwa maswali hayo mawili ni moja, kwa sababu kijana anayeitaka kazi hii hana budi kuelewa kwanza kinachotokea upande wa ndani wa mlango, na mpangaji naye atapumua akifahamu kinachomleta yule aliyesimama nje.

Mimi ni mzaliwa wa Tanga. Nimekulia Ngamiani, katika nyumba ya vyumba sita yenye korido katikati na uani nyuma, na baba mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele pamoja na mkewe. Sisi tulikuwa wapangaji. Mwaka ambao baba yangu alikosa kazi, palipita siku tatu mama hakuwasha jiko la mkaa, na wapangaji wenzetu walituletea chakula kimya kimya kikiwa kimefunikwa kawa. Baba mwenye nyumba aliliona lile jiko baridi. Hakuja kugonga mlango wetu wala hakusema neno uani mbele ya watu. Alimngoja baba barazani baada ya sala ya isha, wakazungumza wawili, na kodi ya miezi ile ikalipwa kidogo kidogo mpaka ikaisha. Nilikuwa na umri wa miaka 11 na sikujua kilichozungumzwa. Nilichokijua ni kuwa mama alianza tena kuimba.

Nimeanza na kisa hicho kwa sababu ndicho kipimo ninachokitumia katika kazi yangu. Wazee wetu walisema nyumba ni sitara, kwa maana kwamba kuta na paa humsitiri mtu asionekane katika udhaifu wake. Baba mwenye nyumba yule alijua shida yetu na bado alitusitiri, na aliweza kufanya hivyo kwa sababu alikaa karibu kiasi cha kuliona jiko. Hapa Uingereza mwenye nyumba wa mpangaji wa makazi ya jamii ni halmashauri, ambayo wengi wetu tunaiita kaunsili, au ni chama cha nyumba chenye maelfu ya nyumba na ofisi iliyo mji mwingine. Hana macho wala baraza. Mzee mmoja wa Kibajuni niliyemkabidhi funguo zake aliniuliza kwa adabu, "Mwanangu, mwenye nyumba hii ni nani, nikamsalimie?" Nilishindwa kumjibu haraka. Mwishowe nilimwambia, "Kwa leo, mzee, nisalimie mimi." Baadaye niliona kuwa jibu lile ndilo maelezo sahihi ya kazi yangu: afisa nyumba ameajiriwa awe macho na baraza ya mwenye nyumba asiyeonekana.

Wazo hili lina umri mrefu hapa. Mwaka 1865 mwanamke aitwaye Octavia Hill alianza kusimamia nyumba chakavu za maskini huko Marylebone, London, zilizonunuliwa kwa fedha za mwandishi John Ruskin, na yeye na wanawake aliowafundisha walikwenda kila wiki kukusanya kodi mlango kwa mlango, wakiangalia paa, bomba na hali ya watoto kwa safari hiyo hiyo moja. Alikuwa mkali, akiwatoa wasiolipa, na aliamini kuwa maskini anahitaji kurekebishwa tabia. Hapo mimi sikubaliani naye hata kidogo. Lakini kule kufika kila wiki, yaani ile hodi, ni jambo ambalo hakuna kompyuta iliyoweza kulifanya mpaka leo.

Serikali yenyewe iliingia kwa nguvu baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa sheria ya mwaka 1919 iliyopewa jina la waziri Christopher Addison, iliyozipa halmashauri wajibu na ruzuku ya kujenga. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1980 iliyompa mpangaji haki ya kuinunua nyumba anayokaa kwa bei iliyopunguzwa, na tangu hapo takriban nyumba milioni 2 zimeuzwa katika Uingereza bila idadi hiyo kurudishwa kwa kujenga nyingine. Ndiyo sababu leo kuna zaidi ya kaya milioni 1.3 kwenye orodha za kungojea. Nawaomba mkumbuke hesabu hiyo kila mtu anapowaambia kuwa nyumba hakuna kwa sababu ya wageni.

Sasa niwaeleze siku zangu. Nina eneo langu la nyumba mia nne na ushee. Nyumba ikiwa tupu naikagua, namwonyesha mpangaji mpya, tunatia sahihi mkataba na namkabidhi funguo. Mwaka wa kwanza mara nyingi ni wa majaribio, na ukipita salama mpangaji hupata haki imara zaidi. Nasikiliza ugomvi wa majirani, nafuatilia ukaguzi wa gesi ambao kwa sheria lazima ufanyike kila miezi 12, nahudhuria vikao na polisi na ustawi wa jamii, na ninaandika sana, pengine kuliko inavyopasa. Hata hivyo jambo linalokula siku yangu kuliko yote ni malimbikizo ya kodi, na ndilo ninalotaka tukae nalo kwa muda.

Kila Jumatatu mfumo hunipa orodha ya wenye madeni, kila jina na tarakimu yake. Afisa mgeni huiona orodha ile kama orodha ya wasiolipa. Mimi nimejifunza kuisoma kama orodha ya majiko ambayo hayajawashwa, kwa kuwa deni karibu kila mara ni habari ya jambo jingine lililotokea ndani: kazi imekatika, mume ameondoka, mtu anaumwa, au posho ya serikali imekatwa na mwenyewe hajui kwa nini.

Mama mmoja wa kutoka Kongo, ambaye amenipa ruhusa kusimulia bila kumtaja, alikuwa kwenye orodha hiyo kwa deni la pauni mia nane na kitu. Barua nne zilikuwa zimekwisha kutumwa. Nilipobisha hodi kwa Kiswahili nilisikia miguu ikija mbio, naye akafungua huku akisema karibu kabla hajaniona. Nyuma ya mlango, kwenye msumari, ulining'inia mfuko wa plastiki wa dukani, na ndani yake mlikuwa na bahasha za rangi ya kaki ambazo hazijafunguliwa hata moja, zimepangwa vizuri zikitazama upande mmoja kama vitabu. Hakuzitupa. Alizitunza kwa heshima kwa kuwa zilitoka serikalini, na hakuzifungua kwa kuwa katika maisha yake hakuna karatasi ya serikali iliyowahi kumletea heri. Tulikaa chini jikoni tukazifungua moja moja kwa kisu cha kukatia vitunguu.

Ya tatu ndiyo iliyotupa jawabu. Mwanawe wa kwanza alikuwa amehamia mji mwingine kwa kazi, na kuanzia hapo chumba chake kikahesabiwa kuwa cha ziada. Kwa kanuni iliyoanza Aprili 2013, mpangaji wa makazi ya jamii aliye katika umri wa kufanya kazi akiwa na chumba kimoja cha ziada hupunguziwa msaada wa kodi kwa kiasi cha asilimia 14 ya kodi ya nyumba yake, na akiwa na viwili au zaidi kwa kiasi cha asilimia 25. Chukueni kodi ya pauni 100 kwa wiki: pauni 14 zinapotea kila wiki, nazo kwa mwaka ni pauni 728. Mama yule alikuwa akilipa kile kile alichokuwa akikilipa siku zote, kwa uaminifu na bila kukosa, huku deni likikua chini yake kama maji yanayopanda taratibu. Nilipomweleza kuwa kuna chumba cha ziada alinitazama kwa mshangao, akauliza, "Mtoto akisafiri, chumba chake kinakuwa cha nani?" Kwake chumba kile kilikuwa na mwenyewe, kitanda kimetandikwa, na shati lake la shule bado liko nyuma ya mlango.

Tuliomba msaada wa nyongeza ambao halmashauri ilikuwa na hiari ya kuutoa, tukapanga deni lilipwe kwa pauni chache kila wiki, na baada ya miezi kadhaa akabadilishana nyumba na familia iliyokuwa ikibanana katika vyumba viwili, jambo ambalo wapangaji wanaruhusiwa kulifanya kwa idhini ya wenye nyumba wao. Shati alilichukua. Angekaa kimya miezi mingine sita, njia ilikuwa wazi mbele yake: ilani, shauri mahakamani, hukumu ambayo huenda ingesimamishwa kwa masharti, sharti moja likivunjwa, kisha dalali wa mahakama mlangoni. Mwongozo wa mahakama unamtaka mwenye nyumba awasiliane na mpangaji mapema na amsaidie kufuatilia posho kabla ya kufungua shauri. Ni mwongozo mzuri, lakini ukitekelezwa kwa barua peke yake unaishia kwenye mfuko wa plastiki nyuma ya mlango.

Niwaambie pia nilipokosea, kwa sababu vijana mlioko hapa mtakutana na kosa hilo hilo. Katika mwaka wangu wa tatu nilikuwa na mpangaji mwanamume, Mwingereza, akiishi peke yake ghorofa ya tatu. Deni lilipanda, nami nikafuata taratibu kama zilivyoandikwa: barua ya kwanza, ya pili, ya tatu, ilani. Nilikuwa na kazi nyingi na lifti ya jengo lile ilikuwa mbovu. Nilipanda ngazi zile siku ya kumpelekea tarehe ya mahakama tu. Jirani alifungua mlango wake akaniambia kuwa bwana yule yuko hospitali ya wagonjwa wa akili, wiki ya saba sasa, na kwamba alitolewa hapo usiku na gari la wagonjwa. Kila barua niliyomwandikia ilikuwa imepita chini ya mlango wa mtu ambaye hakuwepo. Shauri tuliliondoa, na posho yake ikarekebishwa, lakini alirudi nyumbani akakuta rundo lile zulia la mlangoni, na alilisoma lote usiku mmoja. Alirudi hospitali ndani ya siku kumi. Sijui kama ni barua zangu zilizomrudisha. Tangu siku hiyo sijatuma ilani kwenye mlango ambao sijaugonga kwa mkono wangu.

Nilipata kazi hii nikitokea upande ambao haujulikani sana, yaani makazi yenye usaidizi. Hizi ni nyumba za watu ambao paa peke yake haliwatoshi: wanaotoka hospitali za akili, wenye ulemavu wa kujifunza, wanawake waliokimbia kipigo, waliotoka gerezani, wazee, na vijana waliolelewa na serikali ambao wamefika miaka 18 na hawana pa kwenda. Mkazi mara nyingi hupewa ruhusa ya kukaa badala ya upangaji kamili, na pamoja na chumba hupewa mfanyakazi wa kumsaidia na mpango wa msaada unaoandikwa naye na kupitiwa mara kwa mara. Posho ya nyumba kwa makazi ya namna hii hulipwa na halmashauri kwa utaratibu wa zamani, nje ya Universal Credit, yaani posho ya pamoja ya serikali, na kiwango chake kinaweza kuwa juu kwa sababu gharama za jengo la namna hiyo ni kubwa.

Jengo langu lilikuwa na vyumba 14 vya vijana. Alikuja kijana wa miaka 19 aliyekuwa amepitia nyumba saba za malezi. Alileta begi moja la michezo. Kila nilipoingia kukagua king'ora cha moshi nililikuta begi lile sakafuni, karibu na mlango, zipu wazi nusu, na nguo zote zikiwa ndani. Akitaka shati alichomoa, akilifua alilirudisha. Kabati lilikuwa tupu na vining'inizo vyake vinne vya waya havijaguswa. Usiku aliteremka kuuliza sauti aliyoisikia ni ya nini, nami nilimweleza kuwa ni boila inawaka, na kesho yake akaja kuuliza tena. Mfanyakazi mwenzangu wa zamu ya usiku, mama mtu mzima wa Jamaika, hakuwahi kumwambia kuwa swali hilo limekwisha kujibiwa. Alimchemshia chai na kumweleza upya. Mwezi wa nne niliingia kukagua nikakuta shati moja la bluu limetundikwa kabatini. Moja tu. Niliandika kwenye daftari la zamu tarehe na saa, na wenzangu wote walielewa kwa nini nimeandika. Baada ya hapo ndipo alipoanza kujifunza kulipa umeme kwenye mita ya kulipia kabla, kama LUKU ya kwetu, kupika wali, na kupiga simu mwenyewe kuripoti bomba linalovuja.

Nataka mwone kilichokuwa kikilipiwa pale. Kilikuwa ni ile chai ya saa tisa usiku na mtu wa kuimimina. Mwaka 2003 serikali ilianzisha mpango wa Supporting People uliotenga fungu la msaada wa namna hiyo peke yake, na mwaka 2009 sharti la kulitumia kwa kazi hiyo tu likaondolewa, halmashauri zikawa huru kulielekeza kwingine. Ulipokuja wakati wa kubana matumizi, msaada ulikuwa wa kwanza kupunguzwa kwa kuwa hauonekani kama unavyoonekana ukuta. Kwenye jengo letu zamu ya usiku ilifutwa ikawekwa kamera. Kamera ilimwona kijana mwingine akishuka ngazi saa nane usiku akakaa pale pale palipokuwa pakinywewa chai, akangoja, kisha akapanda tena. Tuliiona picha hiyo asubuhi.

Pengo lile liliwavutia pia wasio waaminifu. Palitokea watu waliokodi nyumba za kawaida, wakazijaza watu wenye shida, wakadai posho ya kiwango cha juu, na msaada wenyewe ukawa ni mtu anayepita mara moja kwa wiki kuuliza kama kila kitu ni salama. Birmingham ndiko tatizo hilo lilikojitokeza kwa ukubwa zaidi. Kanuni ilidai tu kwamba msaada uwe zaidi ya kiasi kidogo, na wajanja waliishi vizuri ndani ya maneno hayo. Mwaka 2023 ilipitishwa sheria ya kuyasimamia makazi yenye usaidizi, inayoweka msingi wa viwango vya kitaifa na leseni. Naiunga mkono kwa moyo wote. Ndugu yenu akipelekwa kwenye nyumba ya namna hiyo, ulizeni mfanyakazi wake ni nani, anakuja siku zipi, na mpango wake wa msaada umeandikwa wapi. Asiye na majibu hayo anakodishiwa chumba tu.

Niguse sasa jambo linalouma. Desemba 2020 mtoto wa miaka miwili, Awaab Ishak, alifariki huko Rochdale kwa ugonjwa wa kupumua uliosababishwa na kuvu kwenye nyumba ya chama cha nyumba. Wazazi wake walitoka Sudan. Baba yake alikuwa amelalamika tangu 2017 na akaambiwa apake rangi juu ya kuvu. Baadaye mwenye nyumba alikiri kuwa wafanyakazi walikuwa na dhana kuhusu namna familia hiyo inavyoishi na kuoga. Niliposoma hayo nilimkumbuka kila mama wa kwetu mwenye ndoo na kopo bafuni, na nikajiuliza ni maafisa wangapi wameangalia kopo lile wakaacha kuangalia ukuta. Kosa hilo ni letu sisi wa kazi hii, kwa kuwa mlango ulifunguliwa, familia ilisema mapema, nasi tuliingia tukiwa na jibu mfukoni.

Sheria yenye jina la mtoto huyo ilianza kutumika tarehe 27 Oktoba 2025. Hatari ya dharura lazima ishughulikiwe ndani ya saa 24. Unyevu na kuvu vilivyo hatari lazima vichunguzwe ndani ya siku 10 za kazi, na nyumba ifanywe salama ndani ya siku 5 za kazi baada ya uchunguzi kumalizika. Ripotini kwa maandishi, pigeni picha, wekeni tarehe. Msipojibiwa, toeni malalamiko rasmi: hatua ya kwanza ina siku 10 za kazi baada ya kupokewa rasmi, ya pili ina siku 20, kisha mnaweza kwenda bure kwa Ombudsman wa Nyumba, yaani mwamuzi huru wa malalamiko ya wapangaji. Haki hizi zimelipiwa kwa maisha ya watu, na nikisema hivyo nawakumbuka pia wale 72 waliokufa katika moto wa Grenfell Tower, jengo la ghorofa huko London, tarehe 14 Juni 2017, ambako wakazi walikuwa wameonya juu ya usalama wa jengo lao bila kusikilizwa.

Sisi Waswahili wa huku tuna mambo yetu ambayo nitayasema waziwazi kwa kuwa tuko peke yetu. Wapo kati yetu Wabarawa na Wabajuni waliokuja baada ya dola ya Somalia kuvunjika mwaka 1991, wapo Wakongo walioletwa kuanzia miaka ya 2000 kwa mpango wa serikali wa kuwapokea wakimbizi uitwao Gateway, wakapokewa katika miji kama Hull na Norwich, na wapo Watanzania na Wakenya waliokuja kwa masomo na kazi. Wote tumerithi neno hilo moja, sitara, na wote tunalitumia vibaya tunapolifanya kuwa kufuli. Wahenga walikwisha kusema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Kumwambia afisa kuwa umekosa kodi ya mwezi mmoja ni mazungumzo ya barazani kati ya watu wawili. Ukimwacha aambiwe na kompyuta mwezi wa sita, shida yako itasomwa kwa sauti mahakamani.

Pili, msiwatume watoto kutafsiri. Nimewahi kukaa sebuleni nikamwona binti wa miaka 12 akitafsiri kuwa baba yake amewaacha, na mama akamkataza asiendelee, na mtoto akabaki katikati yetu machozi yakimtoka, akijaribu bado kumaliza sentensi. Nilisimamisha mazungumzo. Ombeni mkalimani mtu mzima, nanyi hamtalipishwa. Afisa anayewaambia haiwezekani, mwombeni aandike hivyo.

Tatu, nyumba hii si mali ya kukodisha. Najua wapo wanaokwenda Mombasa au Unguja miezi minane na kumwachia mtu funguo kwa malipo. Tangu sheria ya mwaka 2013 hilo ni kosa la jinai linaloweza kumpeleka mtu gerezani, na nyumba ikipotea kwa njia hiyo haki yake hairudi. Safari ndefu ina njia yake: mwambie afisa kabla ya kuondoka. Na walio kwenye viza za kazi, hasa dada zetu wengi walio kwenye kazi za kulea wazee, wajue kuwa viza hizo kwa kawaida zina sharti la kutotumia msaada wa umma, likiwemo kupangiwa nyumba ya halmashauri; watafute ushauri wa mwanasheria wa uhamiaji kabla ya kujaza fomu yoyote, kwa sababu fomu iliyojazwa kwa nia njema inaweza kuiharibu viza. Anayepigwa nyumbani asingoje lolote kati ya hayo. Sheria ya mwaka 2021 inamtambua mtu aliyekosa makazi kwa sababu ya kipigo cha nyumbani kuwa mwenye haki ya kupewa kipaumbele, na hata ambaye viza yake ina vikwazo zipo njia za kumlinda. Aje kwangu, au aende kwa mtu yeyote anayemwamini.

Vijana mnaotaka kazi hii, hamhitaji kuanza na shahada. Nilianza kama mfanyakazi wa zamu katika jengo lile la vyumba 14, nikasoma vyeti vya kazi jioni. Sheria ya mwaka 2023 ya kusimamia makazi ya jamii imeleta masharti ya sifa za kitaaluma kwa mameneja, kwa hiyo waajiri wanasomesha watu kuliko zamani. Kwenye usaili watawauliza kuhusu kanuni, nanyi zisomeni. Lakini mkiniuliza mimi ningemchagua nani, ningemchukua yule anayejua kubisha hodi, akasimama hatua mbili nyuma, akangoja kukaribishwa. Kiswahili chenu pia ni cheti. Katika eneo langu zipo nyumba 31 ambazo mlango hufunguka haraka zaidi kwa neno hodi kuliko kwa kitambulisho ninachokivaa shingoni.

Nimekuja na kisu cha kufungulia barua na kalamu za kutosha. Dada wawili waliokaa pale mbele, ambao ni wakalimani wenye vyeti, wamekubali kubaki nami kwenye meza iliyo karibu na dirisha mpaka saa kumi na moja. Pazia tumeliweka ili atakayekaa pale asionekane na waliobaki ukumbini. Aliye na bahasha ambayo hajaifungua na aje nayo.